Mtu Hujulikana kwa Mwendo: Namna Ninavyomtazama Mtu Aliyechorwa Bila Uso

Wiki mbili zilizopita nilipata ujumbe wa binti anayefanya kazi katika hoteli moja huko Malindi. Nauweka hapa kwa idhini yake, jina nimelificha:

“Assalaam alaykum dada. Nyuma ya meza yangu ya mapokezi pametundikwa picha kubwa ya rangi. Ina watu, lakini sijui ni wanne au watano, maana hawana macho wala midomo, na mmoja ni kama ameyeyukia ukutani. Wageni huniuliza hawa ni kina nani na wanafanya nini. Mimi hubaki kucheka tu. Juzi mzee mmoja wa Kitaliano aliniuliza mara mbili, nikaona haya. Nisaidie la kusema.”

Nilimwitikia salamu, nikamwahidi jibu, kisha zikapita siku kumi sijaandika hata neno. Swali lake lilinigusa mahali nilipodhani pamepona zamani.

Mwaka 2017 nilikuwa nafanya kazi katika nyumba moja ya Shela, kijiji cha kisiwani Lamu, ambayo wenyewe waliigeuza nyumba ya sanaa kila msimu wa wageni. Mimi ni mzaliwa wa Langoni, mji wa Lamu, na kila asubuhi nilikuwa nikienda Shela kwa miguu kupitia ufukweni maji yakiwa yametoka, ama kwa mashua yakiwa yamejaa. Kazi yangu ilikuwa kufungua madirisha, kupangusa vumbi, kuwapa wageni maji ya ndimu na kuandika daftarini nani ameuliza bei ya nini. Sikuwa nimesomea sanaa. Lakini ukikaa na picha kutwa, siku sita kwa wiki, zinaanza kuwa kama majirani. Unajua ipi inapendeza asubuhi na ipi hainogi hadi alasiri.

Moja niliipenda kuliko zote. Upana wake ulikuwa kama mikono yangu miwili nikiinyosha. Chini ilikuwa na rangi ya mchanga mbichi, juu buluu iliyopauka kama kikoi kilichofuliwa miaka. Katikati yalisimama maumbo matatu marefu meusi. Hayana uso, hayana mikono, hayana miguu. Ukiwa mlangoni ungeapa ni watu. Ukisogea hatua nne, watu wanatoweka, mbele yako pana mabaka ya rangi na alama za brashi. Ukirudi nyuma, watu wamerudi.

Jioni moja ya Desemba walikuja wageni kama ishirini. Mwenye nyumba alikuwa amechangamka, akaniita mbele yao: “Hebu tuelezee hii, wewe unayeipenda.” Sikutarajia. Nikasema, kwa sauti nzuri kabisa: “Hawa ni wajane watatu. Wanamlilia ndugu yao aliyepotea baharini.” Wageni wakaguna kwa huruma. Mmoja akaweka mkono kifuani. Nami nikaongeza, nikasema weusi ule ni wa msiba.

Ndipo mgeni mmoja, aliyekuwa ametambulishwa kwetu kama mtaalamu wa sanaa, akasema: “Hapa hakuna watu. Hizi ni nguzo. Mchoraji anashughulika na mistari ya wima na uzito wa rangi, basi. Mtu asiyesomea huona hadithi kila mahali.” Watu wakacheka, si wote, lakini waliocheka walitosha. Akaendelea kueleza, wakamgeukia yeye. Mwenye nyumba akanipa sinia la glasi niliondoe.

Nilirudi Lamu kwa miguu usiku ule. Yapata kilomita tatu, na sikumbuki hata moja. Nakumbuka sinia. Hadi leo nikilikumbuka, shingo inaniwaka moto.

Nimesimulia hili kwa marafiki mara nyingi, na kwa muda mrefu nililisimulia nikijifanya mimi nilionewa tu. Nilionewa, ndiyo. Mtu mzima humsahihishi mbele ya watu namna ile. Lakini leo nataka niseme na upande wa pili, maana bila huo nisingejifunza kitu: mimi niliwadanganya wale wageni. Mwenyewe nilikuwa nimevaa buibui jeusi jioni ile, na sikuwa nimefiwa. Mama yangu huvaa buibui kwenda sokoni, kwenda harusini, kwenda kumwona aliyejifungua. Tangu lini weusi ukawa msiba kwetu Lamu? Nilitoa ile hadithi kwa sababu nilihisi ndiyo wageni watakayoipenda. Nilitazama nyuso zao, picha nikaipa mgongo.

Hilo ndilo kosa la kwanza, na wengi wetu tunalifanya: tunakimbilia kuwapa watu wa pichani jina na kisa kabla hatujawatazama wamesimamaje.

Miezi iliyofuata siisimulii, ilikuwa ya vumbi na daftari. Lililonifumbua macho halikutokea Shela kabisa. Lilitokea dirishani kwetu Langoni. Mama hupenda kukaa dirisha la juu baada ya alasiri, anatazama kichochoro. Siku hiyo wakapita wanawake watatu chini, mabuibui na ninja za kufunika uso, hata macho huyaoni vizuri. Mama akasema, bila kuinua sauti: “Yule wa kati ni mke wa nahodha, ametoka kwa binti yake, hawakuelewana.” Nikamuuliza amejuaje, ikiwa mtu mwenyewe kafunikwa kichwa hadi miguu. Akanitazama kana kwamba nimeuliza jua limetoka wapi. “Humuoni bega? Bega lake la kulia hutangulia mwili. Na leo aburuta kiatu. Akitoka kwa binti yake na mambo ni mazuri haburuti.”

Nilibaki kimya. Sisi watu wa Lamu tumekulia tukitambua watu bila uso. Ukisimama gatini, mashua ingali mbali, unamjua aliyeshika upondo kwa namna anavyoupinda mgongo. Unamjua mzee wako kwa kivuli chake ukutani kabla hajapinda kona. Elimu ile ya kusoma mtu kwa bega, kwa goti, kwa uzito wa hatua, tunayo tangu utoto, lakini tukifika mbele ya picha tunaivua mlangoni pamoja na viatu.

Kesho yake nilifika Shela mapema kuliko siku zote. Nikafungua dirisha, nikakaa chini sakafuni mbele ya yale maumbo matatu, nikajiuliza swali la mama: yamesimamaje?

La kushoto lilikuwa limevimba kidogo ubavuni, usawa wa nyonga, na sehemu ya juu imelala upande wa pili. Nimewahi kutazama jambo hilo mwaka mzima bila kuliona. Aliyebeba mtoto kiunoni, au ndoo ya maji, lazima mwili aupinde upande wa pili la sivyo ataanguka. Nguzo haijipindi kusawazisha mzigo. Pale palikuwa na mtu, na mtu huyo alikuwa amebeba kitu.

Kisha nikakumbuka maneno ya marehemu baba. Baba alikuwa fundi wa nakshi, alichonga milango na masanduku. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza ua analitia vipi kwenye ubao. Akasema: “Ua halitiwi. Ua ni mbao uliyoiacha. Patasi kazi yake ni kutoa kisicho ua.” Basi nikaacha kutazama weusi, nikatazama nafasi zilizobaki kati yao. Nafasi ya kwanza ilikuwa imenyooka, upana mmoja juu na chini. Nafasi ya pili, kati ya umbo la katikati na la kulia, ilikuwa pana magotini na nyembamba mabegani, karibu kuziba. Wale wawili walikuwa wameinamiana. Mchoraji hakuchora midomo wala masikio, lakini ile nafasi nyembamba ilikuwa mnong'ono.

Nililia kidogo, nakiri. Nilihisi nimerudishiwa kitu changu.

Jambo la tatu nililipata kwa bahati, siku ya jua kali, karibu na magharibi. Mwanga ulikuwa ukiingia kwa ubavu, umelala juu ya kitambaa. Upande wa kulia kabisa, mahali ambapo siku zote niliona buluu tupu, pakatokea mstari uliotuna, kama mshipa. Rangi ya mafuta ikipakwa nene huacha matuta, na ukipaka nyingine juu yake matuta hubaki. Nikalifuata lile tuta kwa jicho: bega, mgongo, kitu kama kofia. Kulikuwa na mtu wa nne. Amefutwa.

Mchoraji mwenyewe alikuja msimu uliofuata. Mtu wa bara, mpole, si msemaji. Nilimsubiri hadi wageni wakaondoka, nikamweleza niliyoyaona, sauti ikinitetemeka. Akaniuliza nimesomea wapi. Nikasema dirishani kwa mama. Akacheka, cheko la heri, kisha akaniambia: alianza na wanawake aliowaona gatini wakisubiri boti ya kwenda Mokowe. Mmoja alikuwa na mtoto. Mwishoni alikuwapo mwanamume wa boti, akamfuta kwa sababu kila aliyeitazama picha alimtazama yeye kwanza. Halafu, kadiri alivyochora, zile boriti za gati zikawa zinamwingia, akawaacha wanawake wawe nusu watu, nusu boriti. “Wote wawili mlikuwa sahihi kiasi,” akasema, alipojua kisa cha yule mtaalamu.

Kiasi. Nimelikubali neno hilo, ingawa lilinichukua muda. Nguzo zilikuwapo. Yule bwana aliziona nami sikuziona. Lakini yeye hakuwaona wanawake, na hayo maneno ya mchoraji hakuwapo kuyasikia. Aliondoka na kicheko chake, akenda nacho kwao.

Tangu hapo nimesoma kila nilichoweza kupata, kwenye simu na kwenye vitabu vilivyoachwa na wageni. Katika kitabu kimoja nilikutana na mchoraji Ibrahim El-Salahi, mzaliwa wa Omdurman, Sudan, mwaka 1930. Huyu namtaja kila ninapopata nafasi, kwa sababu ni wetu kwa malezi hata kama si wa mwambao wetu. Baba yake alikuwa na chuo cha Qur'ani nyumbani, naye alianza kuandika kwenye ubao kama walivyoanza wazee wetu. Akaenda London kusomea uchoraji miaka ya 1950. Aliporudi Khartoum akatundika kazi zake na watu hawakuzijali. Hawakujiona humo. Akasafiri nchini mwake, akatazama watu wanapenda kuweka nini majumbani mwao, akaanza kutia maandishi ya Kiarabu pembezoni mwa picha. Baadaye akazivunja zile herufi, na ndani ya herufi zilizovunjika yakamtokea maumbo: wanyama, mimea, watu. Ile picha yake kubwa ya “Reborn Sounds of Childhood Dreams I”, aliyoichora kati ya 1961 na 1965, ina watu warefu, vichwa kama vinyago, wanatokea kwenye rangi ya udongo na moshi. Nilimwonyesha kaka yangu, ambaye ni mwandishi wa khati, yale maandishi ya Kiarabu ya mapambo. Hakutazama nyuso. Alifuata mstari mmoja kwa kidole, akasema, “Huu mkono umeandikwa, haukuchorwa.” Tazama hapo: fundi wa khati alisoma mkono wa mtu ambao mimi ningeupita tu.

Na ukitaka kuona mwili unasema hata uso ukiharibiwa, tafuta picha ya “Guernica” ya Picasso, mchoraji wa Hispania. Aliichora mwaka 1937, baada ya mji huo wa Wabaski nchini Hispania kupigwa mabomu tarehe 26 Aprili. Ina urefu wa karibu mita nane. Upande wa kushoto yuko mwanamke, macho yote mawili yapo upande mmoja wa uso, pua si mahali pake. Mtoto aulize, “Huyu ni mtu kweli?” Lakini shingo imetupwa nyuma, kichwa kinatazama juu, na mikononi mtoto amening'inia, mikono yake na kichwa vimelegea. Hakuna mama duniani atakayeuliza mwanamke huyo ana nini. Mwambie mtu aliyewahi kuhudhuria maziko ya mtoto, atakueleza picha hiyo bila digrii.

Hata habari ya mtu aliyefutwa si ya Shela peke yake. Picasso huyohuyo, mwaka 1907, alichora wanawake watano katika picha inayoitwa “Les Demoiselles d'Avignon”, ambayo sasa iko New York. Katika michoro yake ya maandalizi walikuwamo pia wanaume wawili, baharia na mwanafunzi wa udaktari. Akawatoa. Walipotoka, wanawake wakabaki hawana wa kumtazama ila wewe uliyesimama mbele yao, ndiyo maana picha ile humfanya mtu ajihisi kakamatwa. Sijaiona kwa macho yangu, nimeiona kitabuni tu, na hata kitabuni nilirudisha kiti nyuma.

Najua wapo watakaoniambia kwamba picha za viumbe zina maneno katika dini yetu. Nayajua maneno hayo, nimekua nayo, na baba yangu hakuchonga kiumbe hata kimoja maisha yake yote. Mjadala huo nawaachia wenye elimu yake. Mimi nazungumza na mtu ambaye picha tayari iko mbele yake ukutani, na watu wanamuuliza.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Malindi, na wengine mnaosoma mkiwa na ndoto kama zangu za kuishi na sanaa, nawausia haya. Usianze na “ni nani”. Anza na “amesimamaje”. Uzito wake uko mguu gani? Kichwa kimeelekea wapi? Kama huwezi kujua, simama wewe vilevile alivyosimama, hapo hapo mapokezi kama hakuna mtu, mwili wako utakwambia amechoka au anangoja au anakimbia. Mimi hufanya hivyo hadi leo, na nimeshakutwa nikifanya, sijali.

Kisha tazama nafasi zilizo kati yao, kama baba alivyoniambia. Watu wawili ni wawili kwa sababu ya kilicho kati yao.

Kisha rudi saa nyingine, mwanga ukiwa wa ubavu. Picha haionekani yote kwa mara moja, na anayekwambia ameimaliza kwa dakika tano hajaianza.

Na usiogope kusema “sijui”. Mimi ningesema “sijui” jioni ile badala ya wajane wangu watatu, nisingepewa sinia. Au pengine ningepewa tu, lakini ningekuwa nimelibeba kwa amani. Rangi usiisome kwa desturi ya mgeni: mweusi si msiba mpaka picha yenyewe iseme ni msiba. Na kama mchoraji yu hai, muulize, lakini muulize baada ya kutazama, sio kabla. Ukimuuliza kabla, utaona alichokwambia tu.

Ninalolisema kwa uchungu zaidi ni hili. Lamu kuna tamasha la wachoraji, wachoraji wanakuja kutoka kila pembe, wanakaa vichochoroni kwetu na brashi zao, wanatuchora. Wanachora mama zetu, punda wetu, manahodha wetu. Kisha picha zikitundikwa, wanaosimama mbele kuzieleza ni wengine, na sisi tuliochorwa tunapitisha maji ya ndimu. Nani anayejua zaidi namna mwanamke wa Lamu anavyobeba mtoto akisubiri boti? Tumekaa kimya kwa sababu mtu mmoja alitucheka, na watoto wetu wanajifunza kimya hicho. Vijana, tafadhalini. Semeni mnachokiona. Mkikosea, mkubali mmekosea, mtazame tena. Lakini semeni.

Mwezi uliopita nilisimama mbele ya watu hamsini na zaidi, mjini Lamu, kueleza picha sita. Sikushika karatasi. Mama alikuwa mstari wa mbele na mabuibui yake. Nilipofika picha ya nne, nikawaambia watazame kisigino cha yule mzee, sikuwaambia kwa nini. Ukumbi mzima ukainama. Nilimtazama mama, akatikisa kichwa mara moja, kama anavyofanya akionja mchuzi ukawa sawa.

Binti wa Malindi alinitumia picha ya ile ya hotelini. Simu yake si kali na mwanga wa taa umepiga katikati, lakini nimeikuza na kuizungusha. Watu ni watano. Wanne wameelekea kushoto, wameshikana kwa namna fulani, au nguo zao zimeshikana. Yule wa tano, aliyeyeyukia ukutani, ndiye nisiyemuelewa. Nikamwambia asimwambie mgeni yeyote neno kwanza. Atoke nyuma ya meza, aende upande wa mlango, asubiri jua la alasiri liingie, amtazame huyo wa tano kuanzia chini kwenda juu.

Jana usiku akaniandikia: “Dada, ana kisigino. Kimoja, kimeinuka, na ncha ya kiatu ndiyo iliyobaki chini. Nimejaribu kusimama hivyo, nimeshindwa kusimama, mwili wataka kwenda. Yule mzee wa Kitaliano anaondoka kesho saa nne. Nitamwita aje aone.”